Kutega kamera porini: kutoka ramani hadi hesabu

Kadi ya kwanza niliyotoa kwenye kamera porini ilikuwa na picha elfu tisa na ushei. Nilishuka nayo mlimani kwa furaha ya mvuvi aliyejaza ngalawa. Jioni kambini tukafungua kompyuta, na picha zote elfu tisa zilikuwa za jani moja la nyasi likipepea mbele ya lenzi, asubuhi hadi jioni, siku sita mfululizo, mpaka betri zikakata roho. Panga la dakika mbili lingetosha.

Ninaandika kwa ajili ya wahifadhi vijana, wanafunzi wa ekolojia, na askari wa wanyamapori wa vijiji wanaokabidhiwa kamera kumi au ishirini na kuambiwa tu "katege". Mifano mingi nimeitoa Milima ya Udzungwa, Tanzania, kwa sababu huko utaratibu uleule umefuatwa tangu 2009, na kazi hii inanoga pale tu inaporudiwa.

Kabla ya yote, elewa kamera inafanya nini. Haihesabu wanyama. Inajifyatua yenyewe na kuandika kwamba mahali fulani, saa fulani, kitu chenye joto kilipita. Kuhesabu ni kazi yako, na utahesabu kwa kutegemea karatasi zako za porini sawasawa na unavyotegemea picha.

Hatua ya 1: Andika swali moja

Liandike kwenye karatasi kabla hujagusa kamera. "Tunataka kujua wanyama" si swali. Maswali yanayojibika ni kama haya: je, mnyama fulani bado yupo msitu huu? Je, eneo analotumia linapanuka au linapungua mwaka hadi mwaka? Chui wapo wangapi?

Kila swali linataka mtego wake. Ukitafuta kama mnyama adimu yupo, unatega pale anapoelekea kupita. Ndivyo ilivyokuwa kwa paa nunga. Watu walidhani amebaki Unguja na wachache katika msitu wa Arabuko-Sokoke, mpaka kamera zilipotegwa Boni-Dodori, kaskazini mwa pwani ya Kenya, ikaonekana kwamba ule msitu ndio ngome yake. Ukitaka kufuatilia mwenendo wa miaka, unatega kwa gridi isiyompendelea mnyama yeyote. Ukitaka idadi ya chui, unatega kamera mbilimbili zinazotazamana. Sababu ya hilo nitaieleza mbele.

Hatua ya 2: Vibali na wenyeji

Tanzania utapita TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), kisha mwenye eneo: TANAPA kwa hifadhi za taifa, TFS kwa hifadhi za misitu. Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na KWS (shirika la wanyamapori). Anza mapema, barua hazina haraka ya msimu wa kiangazi.

Kibali cha pili hakina muhuri. Nenda kijiji kinachopakana na hifadhi, fika ofisi ya mtendaji, omba mkutano, na uende na kamera yenyewe. Ifungue mbele yao. Waonyeshe picha ya fungo au kanu aliyepigwa usiku. Waambie wazi kwamba kamera itampiga picha na binadamu akipita, na waambie picha hizo zitafanywa nini. Kubalianeni na uongozi wa hifadhi kabla ya kazi: nani ataziona, zitahifadhiwa wapi, zitafutwa lini. Mama aliyeingia kuokota kuni asijikute kwenye kundi la WhatsApp la askari. Mimi nimeona kamera nne zikivunjwa kwa mawe katika hifadhi moja ambako hakuna aliyekwenda kijijini kuongea, na sikuwalaumu sana waliozivunja.

Hatua ya 3: Gridi kwenye ramani

Udzungwa hutegwa vituo 60, katika makundi matatu ya vituo 20, kila kituo kikiwakilisha kilomita mbili za mraba, kwa siku 30, wakati wa kiangazi. Kundi moja likimaliza siku zake, kamera zilezile huhamishiwa kundi linalofuata. Kwa hiyo kamera 20 na chache za akiba zinatosha.

Serengeti, ambako nchi ni wazi, mradi wa Snapshot Serengeti ulitandaza kamera 225 juu ya kilomita za mraba 1,125, moja kwa kila kilomita tano za mraba. Nafasi kati ya kamera inategemea mnyama. Funo hutembea eneo dogo, chui hutembea milima. Ukizibana mno kamera, mnyama mmoja atapita nne kwa siku moja nawe utadhani umepata taarifa nne.

Chora gridi kwenye kompyuta, weka nukta katikati ya kila chumba, zipakie kwenye GPS. Ukifika nukta, una ruhusa ya kusogea mita chache kutafuta njia ya wanyama na mti wa kufungia. Amua umbali huo kabla ya safari na usiuvunje hata nukta ikiangukia kwenye kichaka kibaya. Nukta mbaya nazo ni sehemu ya msitu. Kila mtu hupenda kutega kisimani au kwenye njia kuu ya tembo, halafu ripoti inasema wanyama wamejaa.

Hatua ya 4: Vifaa

Kamera za siku hizi hutumia betri ndogo za AA, mara nyingi nane au kumi na mbili. Kamera 20 za betri kumi na mbili ni betri 240, basi panga fedha ukijua hivyo. Betri za bei chee za dukani hazimalizi mwezi. Lithiamu ni ghali lakini hudumu; za kuchaji ni nafuu kwa miaka mingi, ila zina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo hakikisha kamera yako inazikubali. Usichanganye mpya na kuukuu ndani ya kamera moja.

Kuhusu mwanga: kamera za infraredi hupiga picha za rangi ya kijivu usiku na haziwashtui sana wanyama. Zenye mwanga mweupe hutoa rangi na madoa safi, zinafaa kwa chui, lakini jangili naye ataziona akiwa mbali.

Vingine: kadi za kumbukumbu zenye namba sawa na ya kamera (zifomati ndani ya kamera yenyewe), mikanda, kebo ya chuma na kufuli, pakiti za kunyonya unyevu, panga, kitambaa laini, ubao mdogo na chaki, fomu za karatasi, penseli. Ndiyo, penseli. Wino wa kalamu ukilowa mvua ya Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, hausomeki tena.

Hatua ya 5: Kutega

Hapa ndipo data huzaliwa au hufa, kwa hiyo tusikimbie.

Kihisi cha kamera hakimwoni mnyama. Kinahisi tofauti ya joto kati ya mwili unaosogea na kilicho nyuma yake. Kwa sababu hiyo adhuhuri ya mbugani, ardhi ikiwa na joto karibu sawa na la mwili, kamera hukosa wanyama inaowanasa bila shida usiku. Kwa sababu hiyohiyo jani lililopigwa jua na kuyumba linaifyatua kamera mara elfu tisa. Na mnyama anayekatiza mbele ya kihisi hunaswa vyema kuliko anayekijia uso kwa uso.

Fuata hivi:

Tafuta njia ya wanyama yenye dalili: nyayo, kinyesi, majani yaliyolalia upande mmoja. Chagua mti imara ulio mita mbili hadi nne kutoka njiani. Mti mwembamba unayumba na upepo, na kamera inayumba nao.

Funga kamera urefu wa goti, kama sentimita 30 hadi 50. Wengi hufunga kifuani kwa sababu ndiko mikono inakofika bila kuinama, halafu wanashangaa kwa nini hawana panya buku, nguchiro wala paa. Tembo hata akipita mbele ya kamera ya gotini utamjua kwa miguu.

Elekeza lenzi kaskazini au kusini. Huku kwetu jua linachomoza na kutua karibu sawa na mstari wa mashariki na magharibi, na kamera inayolitazama itakuletea picha nyeupe kila asubuhi au kila jioni.

Igeuze kidogo iitazame njia kwa mshazari, ili mnyama akae kwenye picha kwa hatua kadhaa badala ya moja. Kwenye mteremko, weka kijiti nyuma ya kamera mpaka mwelekeo wake ulale sambamba na ardhi iliyo mbele, si sambamba na upeo wa macho.

Kata nyasi na matawi madogo mbele ya lenzi, mita tatu au nne. Usifyeke uwanja. Njia ikibadilika sura, wanyama wataikwepa wiki nzima.

Weka mipangilio: picha tatu kila kihisi kinapofyatuka, bila mapumziko kati ya mifyatuko, unyeti wa juu, tarehe na saa sahihi. Kamera zote ziwe na mipangilio ileile, mwaka huu na mwaka ujao.

Suala la saa nalisimamia peke yake kwa sababu linatuumiza sisi wasemaji wa Kiswahili kuliko mtu mwingine. Kamera inaandika 09:00. Msaidizi wako anaandika kwenye fomu "saa 3". Mwingine, aliyesoma kwa Kiingereza, anaandika "saa 9". Miezi mitatu baadaye hakuna anayejua kama kamera iliwashwa asubuhi au alasiri, au saa tisa usiku. Kwenye fomu tumia tarakimu nne kama kamera: 0900, 1530. Porini semeni mnavyosema nyumbani, lakini kwenye karatasi ni tarakimu nne.

Kisha jaribio la kutambaa. Washa kamera kwenye hali ya majaribio, mtu mmoja apige magoti na mikono, atambae njiani kama mnyama, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha arudi. Taa ya kamera itawaka inapomhisi. Isipowaka anapopita katikati ya njia, shusha au geuza, na atambae tena. Nimeona mzee wa miaka sitini, fundi wa porini kuliko sisi wote, akitambaa mara saba kwenye kituo kimoja kwa sababu hakuridhika. Kamera ile ndiyo iliyotuletea minde, jamaa adimu wa funo, mwaka ule.

Mwisho, andika kwenye ubao namba ya kituo, namba ya kamera, tarehe na saa, uushike mbele ya lenzi mpaka upigwe picha. Piga pia picha ya mti wenyewe kwa simu, na uhifadhi nukta ya GPS. Ondokeni bila kurudi nyuma mbele ya kamera.

Hatua ya 6: Siku 30

Acha kamera zikae. Kila ukaguzi unaacha harufu na kelele. Kama una wasiwasi na betri au siafu, kagua mara moja katikati, basi. Tembo atang'oa moja, fisi atatafuna mkanda, buibui atafuma utando juu ya lenzi. Weka hesabu ya hasara hiyo kwenye bajeti badala ya kuisikitikia.

Hatua ya 7: Kutegua

Ukifika kituoni, jambo la kwanza ni kupita mbele ya kamera ukiwa na ubao wako, wenye saa ya saa yako ya mkononi au ya GPS. Usiizime kwanza. Picha hii ya mwisho inafanya kazi mbili.

Kwanza, inathibitisha kwamba kamera ilikuwa hai mpaka siku hiyo. Kamera iliyokaa siku 30 bila kumpata mnyama, ikiwa hai, imekupa taarifa nzito: siku 30 hakupita. Kamera iliyokufa siku ya 11 imekupa siku 11 tu, na kimya cha siku 19 zilizobaki hakina maana yoyote. Kwa nje kamera hizo mbili zinafanana.

Pili, inakuokoa saa ya kamera ikiwa imepotea. Tuliwahi kutoa kadi yenye picha zote zilizoanza tarehe 1 Januari ya mwaka ambao kamera ile haikuwa hata imetengenezwa. Betri zilichomolewa saa ikarudi sifuri. Kwa kuwa ubao ulionekana kwenye picha, tulilinganisha saa ya ubao na saa ya kamera, tukapata tofauti, tukaiongeza kwenye kila picha. Bila ubao, kadi ile ilikuwa ya kutupa.

Jioni hiyohiyo nakili kadi kwenye diski mbili, zilale mahali pawili tofauti. Usifute kadi mpaka umehesabu faili kwenye nakala zote mbili.

Hatua ya 8: Kutambua wanyama

Kwa kamera 20, unaweza kuketi na kompyuta na programu kama Timelapse au kuzipakia kwenye tovuti ya Wildlife Insights. Picha tupu zikiwa nyingi, programu ya akili bandia iitwayo MegaDetector hutenga zenye mnyama, mtu au gari na zisizo na kitu. Haikuambii ni mnyama gani, na hukosea kwa wanyama wadogo, kwa hiyo pitia sehemu ya zile ilizoita tupu kwa macho yako. Snapshot Serengeti, kwa wingi wa picha zake, ilibidi iwaombe watu wa kujitolea mtandaoni. Zaidi ya 28,000 walijiandikisha kusaidia.

Andika jina la kisayansi kando ya la Kiswahili. "Paa" ni wanyama watatu au wanne kutegemea uko Tanga, Lamu au Iringa, na mbawala wa mtu mmoja ni pongo wa mwenzake.

Picha usiyoitambua iite "haijulikani" na uitunze. Mwaka 2005 kamera zilizotegwa msitu wa Ndundulu, huko Udzungwa, zilipiga njule (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu na nyuma nyeusi asiyelingana na njule yeyote aliyeandikwa vitabuni. Watafiti walirudi 2006 wakamkamata, na 2008 akatangazwa rasmi kwa jina Rhynchocyon udzungwensis. Mtu mwenye haraka angeandika "panya", akaendelea na picha inayofuata.

Na jambo la usalama: picha nyingine hubeba ndani yake nukta za GPS. Ya faru au kakakuona usiirushe mtandaoni kabla ya kuziondoa.

Hatua ya 9: Hesabu

Funo mmoja akisimama kula mbele ya kamera, utapata picha arobaini. Huyo ni tukio moja. Kawaida tunahesabu picha za mnyama wa aina moja kituo kimoja kuwa tukio jipya ikiwa zimepishana dakika 30 au saa moja. Chagua kipimo kimoja, kiandike, kibaki hicho.

Kisha hesabu siku-kamera. Tuseme ulikuwa na kamera 20 kwa siku 30, yaani 600. Tatu zilikufa siku ya 11, umepoteza siku 57, zimebaki 543. Ulipata matukio 27 ya funo: 27 gawanya kwa 543, zidisha kwa 100, ni karibu 5 kwa kila siku-kamera 100. Mwaka unaofuata kamera zote zinafanya kazi, unapata matukio 30 kwa siku 600: ni 5 vilevile. Hakuna kilichobadilika. Lakini asiyeandika siku za kufa kwa kamera atagawanya 27 kwa 600, apate 4.5, kisha ataandika kwenye ripoti kwamba funo wameongezeka kwa asilimia 11. Mkurugenzi atapiga makofi, na funo hawana habari.

Kipimo hicho ni kizuri kwa kulinganisha mnyama huyohuyo, mahali hapohapo, kwa utaratibu uleule. Usikitumie kusema funo ni wengi kuliko chui; funo na chui hawapiti mbele ya kamera kwa namna moja.

Kwa mwenendo wa muda mrefu napendelea kuangalia vituo vinavyotumika. Mnyama ameonekana vituo 18 kati ya 60: asilimia 30. Lakini je, vile 42 vingine hakuwepo, au alikuwepo kamera ikamkosa? Gawanya siku 30 katika vipindi sita vya siku tano, utazame kila kituo alionekana vipindi vingapi. Tuseme, pale alipo, uwezekano wa kumpata kwa kipindi kimoja ni 0.2. Uwezekano wa kumkosa vipindi vyote sita ni 0.8 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani 0.26. Basi vituo 18 ulivyoviona ni asilimia 74 tu ya alipo. Kwa kweli anatumia vituo kama 24, asilimia 40 hivi. Programu ya takwimu iitwayo R itakufanyia hesabu hii vizuri zaidi, pamoja na kiasi cha shaka iliyomo, lakini ifanye kwa mkono mara moja ili ujue programu inazungumza nini.

Chui ni habari nyingine. Madoa ya kila chui ni yake peke yake, hivyo unaweza kuwatambua mmojammoja na kukadiria idadi. Ila madoa ya ubavu wa kushoto hayafanani na ya kulia. Ukiwa na kamera moja kwa kituo, chui aliyepita akienda na aliyepita akirudi wanaweza kuwa mmoja ukawahesabu wawili. Ndiyo maana ya kamera mbili zinazotazamana, zikiwa zimepishana kidogo zisipigane mwanga. Funo hana doa, kwa hiyo usimkadirie kwa njia hii hata mfadhili akikubembeleza.

Hatua ya 10: Mwaka wa pili

Rudini msimu uleule, nukta zilezile, urefu uleule wa goti. Chukua picha za miti ulizopiga kwa simu. GPS itakufikisha karibu, picha itakufikisha kwenye mti. Modeli ya kamera ikibadilika, iandike, kwa sababu kihisi kipya huweza kuona zaidi na kukupa ongezeko lisilokuwepo.

Na kama mti wenyewe umeanguka, funga kwenye ulio karibu, tambaa upya, na kwenye fomu andika: "Kituo 14, mti wa zamani ulianguka, kamera imesogea mita 3 kusini."